Nani Amemrejelea Nani: Kuusoma Ukurasa wa Mtafiti wa Mitandao kama Matini

Sisi wanafunzi wa Kiswahili tumezoea kuhakiki riwaya, tamthiliya na mashairi. Tunauliza nani anasimulia, nani amenyamazishwa, na ni kitu gani kimeachwa nje ya kisa. Makala haya yanauliza maswali hayohayo kwa matini isiyomo katika mtaala wetu, yaani ukurasa wa mtafiti katika hifadhidata ya marejeleo kama Google Scholar. Ni matini fupi. Ina jina, chuo, picha ndogo, orodha ya machapisho, grafu ya nguzo zinazopanda na kushuka mwaka hadi mwaka, na pembeni namba tatu: idadi ya kurejelewa, fahirisi ya h na fahirisi ya i10. Chini yake yamepangwa majina ya waandishi wenza. Msomaji wa kawaida, hasa akiwa mjumbe wa kamati ya kuajiri, huipitia kwa muda mfupi kuliko anaotumia kusoma beti mbili za shairi, kisha anatoa hukumu: huyu ni mtafiti, yule bado.

Nimechagua mtafiti wa mitandao ya kompyuta kwa makusudi. Hapa Juba kila mtu ana maoni kuhusu intaneti, kwa sababu kila mtu amewahi kuingoja. Isitoshe, taaluma hii kazi yake ni kupima njia: pakiti ya data imetoka wapi, imepitia wapi, imechukua milisekunde ngapi kufika. Ni ajabu basi kwamba watafiti wake wanapopimwa wao wenyewe, hakuna anayeuliza njia. Tunahesabu zilizofika tu.

Tuanze na jinsi hesabu inavyofanywa, maana wengi wanaitaja fahirisi ya h bila kujua inatoka wapi. Kuhesabu marejeleo kwa mpangilio mkubwa kulianzishwa na Eugene Garfield huko Philadelphia, Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1960. Nia yake ya awali haikuwa kupanga watu kwa madaraja. Alitaka kumsaidia mtafiti kuitafuta kazi aliyoihitaji kwa kufuata nyayo za marejeleo, kutoka makala moja hadi nyingine. Mwaka 1965 Derek de Solla Price aliandika makala iliyoyachukulia marejeleo hayo kama mtandao, kila makala ikiwa kifundo na kila rejeleo likiwa uzi. Mwaka 1998 Sergey Brin na Larry Page walichukua wazo hilohilo na kulitumia kupanga kurasa za intaneti, na Google ikazaliwa humo. Kwa hiyo intaneti ilikopa kwa wahesabu marejeleo, kisha wahesabu marejeleo wakahamia intaneti mwaka 2004 ilipofunguliwa Google Scholar. Mwaka uliofuata mwanafizikia Jorge Hirsch wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, akapendekeza fahirisi ya h.

Fahirisi hiyo ni rahisi. Panga makala za mtu kuanzia iliyorejelewa zaidi hadi iliyorejelewa kidogo, kisha shuka orodha ukihesabu hadi pale idadi ya marejeleo inapokuwa ndogo kuliko nafasi ya makala. Tuchukue mfano wa kubuni. Mtafiti wa kwanza ana makala sita zilizorejelewa mara 40, 12, 9, 5, 4 na 1. Makala ya nne ina marejeleo 5, inapita. Ya tano ina 4, haipiti. Fahirisi yake ni 4. Mtafiti wa pili ana makala nne, kila moja imerejelewa mara 4. Fahirisi yake pia ni 4. Mmoja amerejelewa mara 71, mwingine mara 16, nao wamesimama bega kwa bega. Ukitumia i10, inayohesabu makala zilizorejelewa angalau mara kumi, wa kwanza anapata 2 na wa pili sifuri. Watu ni walewale. Kilichobadilika ni msimulizi. Hirsch mwenyewe alitahadharisha kwamba namba moja haiwezi kutoa zaidi ya makadirio ya juujuu kuhusu kazi ya mtu. Tahadhari hiyo ndiyo sehemu ya makala yake ambayo wasomaji wameikumbuka kidogo zaidi.

Katika mitandao ya kompyuta kuna tatizo la ziada. Taaluma nyingi huweka kazi zake bora katika majarida. Watu wa mitandao huziweka katika mikutano. Makala ya Van Jacobson kuhusu namna ya kuepusha msongamano katika intaneti, ambayo bila yake pengine mtandao wa leo ungekwama kama barabara ya soko siku ya mvua, ilisomwa katika mkutano wa SIGCOMM mwaka 1988. Hifadhidata zilizojengwa kwa ajili ya majarida ziliziona kazi za mikutano nusunusu kwa miaka mingi. Kisha kuna nyaraka ziitwazo RFC. Ya kwanza iliandikwa na Steve Crocker Aprili 1969, na Jon Postel alizihariri kwa karibu miaka thelathini hadi alipofariki mwaka 1998. Waraka wa Postel wa mwaka 1982, RFC 821, uliweka kanuni za kupeleka barua pepe. Hakuna anayemrejelea Postel anapobonyeza kitufe cha kutuma. Mwanasosholojia Robert Merton alilieleza jambo hili vizuri: kazi ikishakubalika kabisa na kuwa sehemu ya maarifa ya kila siku, jina la mwenyewe hufutika. Kadiri ulivyofaulu ndivyo unavyozidi kutoonekana. Methali zetu ziko hivyo pia, hazina mwandishi.

Sasa tuje kwetu Afrika Mashariki, ambako jambo hili linauma zaidi.

Mwaka 2000 watoa huduma za intaneti wa Kenya walichoka na hali moja ya kipuuzi. Barua pepe iliyotumwa kutoka ofisi moja ya Nairobi kwenda ofisi ya jirani iliyotumia kampuni nyingine ilitoka nchini kwa setilaiti, ikafika Ulaya au Marekani, ikarudi. Kila safari ililipiwa kwa dola. Chama chao, TESPOK, kikaanzisha kituo cha kubadilishana mawasiliano humohumo Nairobi, KIXP, mnamo Novemba 2000. Telkom Kenya, iliyokuwa na ukiritimba wa mawasiliano ya kimataifa, ililalamika, na wiki mbili hivi baadaye mamlaka ya mawasiliano ikakifunga. Yalifuata mabishano ya kisheria na kisiasa kwa zaidi ya mwaka. Februari 2002 kituo kikafunguliwa tena, na hakijafungwa tangu hapo.

Ni nani anayerejelewa tunapozungumzia KIXP? Mara nyingi ni ripoti ya mwaka 2012 iliyoandikwa na Michael Kende na Charles Hurpy wa kampuni ya ushauri ya Analysys Mason kwa ajili ya shirika la Internet Society. Ni ripoti nzuri, nami naitumia hapa: inaonyesha kwamba muda wa pakiti kwenda na kurudi ndani ya Kenya ulishuka kutoka milisekunde 200 hadi 600 ukawa milisekunde 2 hadi 10, na kwamba kampuni ziliokoa karibu dola milioni 1.5 kwa mwaka kwa kutolipia safari za ng'ambo. Lakini tazama kilichotokea. Wahandisi waliovuta nyaya, waliobishana na mamlaka, waliokiwasha kituo mara mbili, hawakuandika makala. Swichi haina kichwa cha habari, haina ikisiri, haina mwaka wa kuchapishwa. Huwezi kuirejelea. Unamrejelea aliyekuja kuipima miaka kumi baadaye. Katika fasihi tungesema mhusika mkuu hayumo katika orodha ya wahusika.

Mfano wa pili ni Profesa Meoli Kashorda wa Chuo Kikuu cha USIU-Africa, Nairobi, aliyeongoza KENET kwa miaka mingi kama mkurugenzi mtendaji. KENET ni mtandao wa elimu na utafiti wa Kenya ulioanzishwa mwaka 1999. Huunganisha vyuo vikuu na taasisi za utafiti ili zinunue huduma ya intaneti kwa pamoja badala ya kila chuo kuhangaika peke yake. Ilikuwa miongoni mwa mitandao mitano iliyouasisi umoja wa UbuntuNet mnamo mwaka 2005, pamoja na ile ya Malawi, Msumbiji, Rwanda na Afrika Kusini. Mikongo ya baharini ilipofika pwani yetu kuanzia mwaka 2009, vyuo vilivyokuwa tayari vimejipanga pamoja ndivyo vilivyonufaika upesi. Kashorda ana machapisho, yakiwemo aliyoyaandika na Profesa Timothy Waema wa Chuo Kikuu cha Nairobi kuhusu utayari wa vyuo vya Kenya kutumia TEHAMA. Hizo ni ripoti za tathmini, aina ya maandishi ambayo wahesabu marejeleo huyapa uzito mdogo. Hata zikihesabiwa zote, bado zinapima sehemu ndogo tu ya alichofanya. Mwanafunzi wa Eldoret au Maseno aliyepakua makala ya jarida kupitia KENET, kisha akaandika tasnifu, ataorodhesha makala aliyoipakua. Njia aliyoipakulia haimo.

Mtu anaweza kunijibu kwamba Kashorda alikuwa kiongozi na mhandisi, na tusichanganye uongozi na utafiti. Jibu hilo lingekubalika katika taaluma ya ushairi. Katika taaluma ya mitandao, mtandao wenyewe ndio maabara na ndio matokeo. Aliyebuni namna ya kuunganisha vyuo kadhaa kwa bajeti ndogo na umeme wa kukatikakatika ametatua tatizo la utafiti, hata kama suluhisho lake limo kwenye mkataba na kwenye ruta badala ya kuwa kwenye jarida.

Upande wa ushirikiano una mambo mengi zaidi ya kusomwa. Chukua makala moja iliyosomwa katika mkutano wa PAM mwaka 2014 kuhusu namna kampuni za intaneti barani Afrika zinavyounganishwa. Waandishi ni sita: Arpit Gupta, Matt Calder, Nick Feamster, Marshini Chetty, Enrico Calandro na Ethan Katz-Bassett. Watano walikuwa katika vyuo vya Marekani. Mmoja, Calandro, alikuwa katika taasisi ya Research ICT Africa, Cape Town. Walitumia ruta maalumu zilizowekwa katika nyumba za watu huko Afrika Kusini, wakafuata njia za pakiti, wakagundua kwamba mawasiliano mengi kati ya sehemu mbili za Afrika bado yalikuwa yanazunguka kupitia miji kama London na Amsterdam. Sababu yake haikuwa ukosefu wa nyaya peke yake. Kampuni nyingi hazikuwa tayari kubadilishana mawasiliano katika vituo vilivyo karibu nazo, ijapokuwa zilikutana bila shida huko Ulaya.

Nayasoma matokeo hayo kama sitiari ambayo waandishi hawakuikusudia. Mtafiti wa Juba na mtafiti wa Kampala hukutana wapi? Mara nyingi hukutana katika orodha ya marejeleo ya mtu wa tatu aliye Ulaya au Marekani. Mwanafunzi wa Juba anayeandika kuhusu muunganisho wa kanda hii ataisoma makala hiyo ya PAM, na rejeleo lake litasafiri kutoka Juba hadi Atlanta. Mwanafunzi wa Dar es Salaam atafanya hivyohivyo. Kila mmoja ameongeza namba ileile, na hawajuani. Simlaumu mwandishi yeyote kati ya wale sita. Kazi yao ilihitajika na waliifanya kwa uangalifu. Ninachosema ni kwamba ramani ya ushirikiano wetu inafanana na ramani ya njia walizozipima.

Ukurasa wa mtafiti hauonyeshi hili. Unaonyesha waandishi wenza kama orodha bapa, wote sawa, ilhali katika sayansi ya kompyuta jina la kwanza kwa kawaida ni la aliyefanya kazi na la mwisho ni la profesa aliyeisimamia. Aliye katikati anaweza kuwa ndiye aliyejua nyumba zipi zina umeme wa kutosha kuwekewa ruta, au anaweza kuwa alisoma rasimu tu. Wapo pia wanaokubali kifaa cha kupimia kiwekwe ofisini kwao; hao, wakibahatika, hutajwa katika sehemu ya shukrani, ambayo haihesabiwi kabisa. Hata kulinganisha idadi ya waandishi wenza kunahitaji tahadhari. Mark Newman alipochunguza hifadhidata kadhaa mwaka 2001 alikuta wastani wa waandishi wawili na kidogo kwa makala katika sayansi ya kompyuta, na karibu tisa katika fizikia ya chembe. Kumsifu mtu kwa wingi wa waandishi wenza bila kutaja taaluma yake ni sawa na kusifu utenzi kuliko soneti kwa sababu una beti nyingi.

Na kuna ushirikiano usioacha alama yoyote. Dkt. Shem Ochuodho, mwanasayansi wa kompyuta wa Kenya, alianzisha taasisi ya ARCC, mojawapo ya zilizotangulia kuleta intaneti Nairobi katikati ya miaka ya 1990. Baadaye alikuwa mbunge wa Rangwe, na baadaye tena akawa mshauri wa TEHAMA wa serikali hapa Juba. Ujuzi uliosafiri naye kutoka Nairobi hadi Juba ulikwenda moja kwa moja, bila kupitia London. Hauna uzi wowote katika mtandao wa Price.

Kwa Sudan Kusini kuna vizuizi vidogo ambavyo mtu wa mbali hawezi kuvihisi, na nadhani vinastahili kutajwa bila kulalamika. Cha kwanza ni majina. Wengi wetu tuna jina letu, la baba na la babu. Hifadhidata huchukua la mwisho na kuliita jina la ukoo, kwa hiyo mtafiti anaorodheshwa kwa jina la babu yake. Akichapisha makala nyingine kwa majina mawili tu, anakuwa mtu mwingine. Na watu wanaoitwa Deng, Garang au Lado ni wengi kiasi kwamba mashine huwachanganya, mmoja akapewa makala za mwingine. Namba ya utambulisho ya ORCID, iliyoanza mwaka 2012, ilibuniwa kutatua hilo, lakini inamsaidia anayeijua tu.

Cha pili ni anwani. Google Scholar humtaka mtafiti athibitishe ukurasa wake kwa barua pepe ya chuo, la sivyo hauonekani katika matokeo ya utafutaji. Nchi yetu ilipata uhuru mwaka 2011, lakini kikoa cha .ss hakikukabidhiwa rasmi hadi mwaka 2019. Katika miaka hiyo watu wengi wa Juba walifanya kazi za ofisi kwa anwani za Yahoo na Gmail. Mtu mwenye anwani ya namna hiyo angeweza kuandika apendavyo, ukurasa wake ukabaki gizani. Mkongo wa faiba kutoka Uganda kupitia Nimule ulifika Juba mwaka 2020. Kabla ya hapo tulitegemea sana setilaiti zilizo umbali wa kilomita 36,000 hivi juu ya ikweta, ambako swali na jibu lake huchukua zaidi ya nusu sekunde hata anga likiwa tulivu. Na Chuo Kikuu cha Juba, kilichoanzishwa mwaka 1975, kilihamishiwa Khartoum kwa miaka mingi ya vita kabla ya kurejea nyumbani. Grafu ya nguzo katika ukurasa wa mwalimu wa kizazi hicho itakuwa na pengo. Mjumbe wa kamati asiyejua historia atalisoma pengo hilo kama uvivu.

Kufikia hapa msomaji anaweza kudhani napendekeza namba zitupwe. Sivyo, na hapa natofautiana na wenzangu kadhaa tuliojadiliana nao. Namba, hata mbovu, ina jambo moja jema: haijui wewe ni mtoto wa nani. Katika mazingira ambayo cheo kinaweza kutolewa kwa undugu, kwa umri au kwa urafiki wa zamani wa vitani, kijana asiye na mjomba ofisini anaihitaji namba. Anaweza kuiweka mezani na kusema, nimesomwa. Tukiiondoa bila kuweka kitu kingine, atakayefurahi si mtafiti mnyonge. Wanaopinga namba kwa sauti kubwa mara nyingi ni wale ambao tayari wana kiti. Azimio la San Francisco la mwaka 2012, linalotaka kazi ya mtafiti ipimwe kwa maudhui yake badala ya jina la jarida, ni zuri, lakini linadai jambo ghali: mtu aketi na kuisoma kazi yenyewe. Kamati ngapi zina muda huo, na zina wajumbe wangapi wanaoielewa ruta?

Kwa hiyo napendekeza usomaji, jambo ambalo sisi wa fasihi tunalijua. Ukurasa wa mtafiti wa mitandao uwekwe mezani pamoja na maelezo ya ukurasa mmoja: ni kitu gani kilijengwa na bado kinafanya kazi, nani anakitumia, katika kila makala yeye alifanya nini hasa, na kati ya waliomrejelea ni wangapi wako Juba, Gulu, Kampala, Nairobi, Kisangani. Swali hili la mwisho linaweza kujibiwa kwa hifadhidata zilezile, kwa kuwa kila makala huonyesha chuo cha mwandishi. Mtafiti aliyerejelewa mara 30, kumi kati yake zikitoka ndani ya kanda, amefanya jambo ambalo fahirisi ya h haiwezi kulitamka. Amejenga kituo cha kubadilishana.

Swali hili linatuhusu pia sisi tusiogusa kebo. Makala za majarida ya Kiswahili na Mulika ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam zimerejelewa katika tasnifu nyingi zilizofungwa kwa jalada gumu na kukaa kwenye rafu za maktaba, mahali ambapo mashine haifiki. Mwalimu wa Kiswahili aliyesomwa na wanafunzi wa nchi tatu anaweza kuwa na ukurasa mtupu, au asiwe na ukurasa kabisa. Siku atakapoomba kupandishwa cheo katika chuo kimoja na mwenzake wa kompyuta, fomu itakuwa na nafasi moja ya kujaza namba, na wajumbe wa kamati watakuwa na jioni moja ya kuyapitia majalada yote.